Magongo Mawili ya Uzi Mwekundu
Wasifu wa marehemu Kache Thoya Kai, 1972–2025
Umesomwa Utange, Kisauni, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025

Marehemu Kache Thoya Kai alikuja duniani asubuhi ya tarehe 14 Machi 1972, kule Vitengeni, Ganze, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Thoya Kai na marehemu mama Mweri. Waliokuwapo walisimulia kwamba alilia mara moja tu, akanyamaza, akaanza kutazama watu. Tabia hiyo ya kutazama watu hakuiacha. Alipofika miaka mitatu alishikwa na homa siku nne, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Nyumbani walijaribu dawa zote walizozijua, kisha wakachoka kujaribu.

Shule aliianza mwaka 1982, akiwa na miaka kumi, kwa sababu hakukuwa na wa kumpeleka. Mamake ndiye aliyekata shauri. Alishona leso mbili pamoja, akamfunga msichana mkubwa mgongoni, miguu ikining'inia, akawa anatembea naye kilomita mbili kwenda na mbili kurudi. Watu wa njiani hawakukosa la kusema. "Mweri, huyo mwanao ataota ndevu huko mgongoni," walimtania. Mama Mweri alijibu bila kusimama: "Zikiota nitazinyoa, lakini herufi atazijua." Alibebwa hivyo hadi darasa la tatu, padri mmoja alipomletea magongo. Kache alipenda kusema kwamba watu wengi wanaijua mbeleko kwa nje, yeye aliijua kwa ndani. Alijua inapouma begani, na mahali fundo linapoteleza mbebaji akitoka jasho. Alimaliza darasa la nane mwaka 1989, na kwa hali ya nyumbani masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1992 alishuka Mombasa akapata kazi kwenye karakana moja ya mafundi walemavu huko Bombolulu. Alianza kwa kufagia nyuzi chini ya meza, akapewa kushona mifuko, na baada ya miaka miwili alikuwa ndiye anayefundisha wageni. Fundi aliyemaliza kazi alimpelekea Kache aitazame kabla ya kuipeleka kwa msimamizi. Hakuwa mkali. Aliigeuza tu kazi upande wa nyuma, akaiangalia, akairudisha na kusema, "Hapa uzi umechoka, mamangu." Mtu akaenda kufumua bila kinyongo.

Aliolewa tarehe 16 Desemba 1995 na Chrispine Makokha, kijana kutoka bara aliyekuwa akipakia shehena bandarini na kuishi Changamwe. Inasemekana Chrispine alipokuja kumposa alizungumza kwa saa nzima bila kupumzika, na Kache alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nyinyi watu wa bara mna maneno mengi na uzi mfupi. Rudi Jumapili tuone." Akarudi Jumapili, na Jumapili zote zilizofuata. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bonface mwaka 1996 na Lynnette mwaka 1999. Chrispine alifariki mwaka 2012, naye amelala hapa hapa Utange, kwenye kiwanja walichokinunua pamoja.

Bonface alipozaliwa ndipo Kache alipopata taabu iliyozaa kazi yake kubwa. Mtu wa magongo mawili hana mkono wa kumshikia mtoto, na leso ya kawaida hulegea mwili ukiyumba. Kwa wiki tatu alikaa ndani na mtoto kama mfungwa. Wiki ya nne aliketi kwenye mashine, akakumbuka leso mbili za mamake, akashona mbeleko yenye kanda zinazopishana mgongoni na kurudi kiunoni, kila pindo la kubeba uzito likipigwa mishono mitatu ya uzi wa nailoni. Kwenye kona alidarizi alama yake: magongo mawili madogo ya uzi mwekundu, yamepishana. Siku hiyo alimbeba Bonface hadi dukani na kurudi. Aliitaja siku hiyo mara nyingi kuliko siku ya harusi yake.

Mbeleko hiyo ilianza kwa mafundi wenzake, ikaenda kwa wanawake wenye miguu mizima, maana nao walihitaji mikono kwa kazi. Mwaka 2013 mwanasheria wa kujitolea aliwasaidia mafundi kuandikisha kazi zao, na Kache akapata karatasi mbili: ya umbo la mbeleko na ya alama ya magongo. Mwaka 2015 kiwanda kimoja cha nguo cha Changamwe kilimwomba leseni ya kuishona. Wengi walidhani ameuza, naye alichoka kuwasahihisha. "Sikuuza," alisema. "Nimemwazima jirani kinu. Atwange, ale, ashibe. Kinu kina mwenyewe, na mwenyewe ana ruhusa ya kuja kutazama kama kimepasuka."

Karatasi ya leseni aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Kiwanda kiliruhusiwa kushona na kutia alama ya magongo, lakini hakikuruhusiwa kumpa mwingine kazi hiyo wala kubadili mshono bila kumwuliza. Kila kundi jipya lilipoanza kushonwa, mbeleko ya kwanza ilipaswa kuletwa kwake aikague. Akiikataa, kundi zima linasimama. Asipojibu kwa siku thelathini, itahesabiwa ameikubali. Mrabaha wake ulilipwa kila baada ya miezi mitatu bila matata, na kwa hilo hakuna aliyewahi kulalamika. Ila yeye aliona moyo wa karatasi ile uko kwenye ile mbeleko ya kwanza. Alama ya magongo, alisema, ni neno lake kwa mama asiyemjua.

Basi kwa miaka mitatu kazi ilikwenda hivyo. Mbeleko ililetwa, Kache akaigeuza nyuma, akahesabu mishono, kisha akatia ndani mfuko wa mchanga wa kilo kumi na tano na kuutundika kwenye boriti ya baraza tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Majirani waliuita mfuko ule Mjukuu. "Kache, Mjukuu hajambo?" walimwuliza wakipita, naye akajibu, "Hajambo, yuapunga upepo." Mara mbili alikataa, na mara zote mbili kiwanda kilirudia.

Msimamizi wa ushonaji kule kiwandani alikuwa kijana mtulivu aitwaye Griffin, ndiye aliyekuwa akileta mbeleko hizo. Katika kuja na kurudi akaonana na Lynnette. Walifunga ndoa tarehe 24 Novemba 2018, na ilikuwa siku ya furaha nyumbani.

Hapa Kache mwenyewe aliagiza ielezwe wazi, na aliagiza isemwe kuwa ni kosa lake. "Siku yangu msinipambe," alisema. "Someni lilivyo." Waliokulia Ganze wanajua heshima iliyopo kati ya mama na mume wa bintiye. Hawakai mkeka mmoja. Hawatazamani usoni. Akileta kitu, mama mkwe hukipokea kwa mikono miwili na kukiweka. Hakifungui mbele yake, hakipimi, hakitafutii kasoro, maana kukitia kasoro ni kumtia yeye kasoro, na ndoa ya binti huingia ufa. Griffin hakulelewa hivyo, ni mtu wa bara, lakini aliona mama mkwe amebadilika naye akabadilika. Alikuwa akisimama mlangoni na kifurushi.

"Shikamoo mama. Nimeleta ile ya kundi jipya."

"Marahaba, baba. Weka hapo."

Akaweka, akaenda. Kache akakisukuma chini ya kitanda kikiwa bado na kamba yake. Alidhani atakifungua kesho yake, na kesho yake aliona bado kinanukia mkono wa mkwe. Mjukuu akabaki sakafuni pembeni ya baraza, kuku wakaufanya kitanda. Kilipokuja kifurushi cha pili alikisukumia kwa cha kwanza. Kwa muda wa miaka mitatu na miezi tisa vilikusanyika vifurushi kumi na kimoja.

Mwezi wa Agosti 2022 mwanamke mmoja alifika Bombolulu akiuliza nyumba ya mwenye magongo. Aliitwa Fancy, mwenyeji wa Bonde la Ufa anayeishi Timbwani, Likoni, na mumewe Mwangi, dereva wa lori. Alikuwa na mbeleko mkononi, imechanika kwenye pindo.

"Hii si ni yako, mathe?" aliuliza.

Kache aliiangalia kona. "Alama ni yangu."

"Nilinunua juu ya hizo fimbo nyekundu. Mama mmoja aliniambia, ukiona hizo, usiogope. Nilikuwa nashuka ngazi na Njeri. Ana miezi saba. Sikusikia hata ikitoa sauti."

Kache aliigeuza nyuma. Kulikuwa na mshono mmoja, tena wa uzi wa pamba. Alimwomba Fancy akae, akaenda chumbani, akapiga goti lake zima, akavuta vifurushi vyote kumi na kimoja akavikata kamba. Cha kwanza kilikuwa na mishono mitatu. Cha nne kilikuwa na miwili, na barua ya kiwanda juu yake ikisema wanaomba kupunguza, naye anyamaze kama hana neno. Cha nane kilikuwa na mmoja. Cha kumi na kimoja kilikuwa na mmoja, uzi wa pamba, na barua nyingine. Alivipanga sakafuni kwa mfuatano, akavitazama. Mkaza mwana wake Judy, aliyemkuta hapo, alidhani anasali.

Njeri alivunjika nyonga. Alitiwa plasta miezi miwili, mfupa ukaunga vibaya. Kache alivuka feri kwenda Timbwani kumwona kila mwezi, magongo yake yakiteleza kwenye sakafu ya feri iliyolowa, na siku mtoto alipoanza kutembea alikuwapo. Mtoto aliuburuta mguu wa kushoto. Fancy alikuwa amekwisha kumsamehe kwa maneno, kwa chai na kwa mandazi. Kache alikunywa chai, akashukuru, na kutoka siku ile hakuonekana akicheka sana.

Alipowaita Lynnette na mumewe, waliketi sebuleni watatu. Kache aliangalia ukuta, Griffin akaangalia sakafu, na Lynnette akaketi katikati akiwa na mtoto wake mchanga mapajani.

"Lynnette, mwambie mumeo mishono ilikuwa mitatu."

"Mama, anakusikia, yuko hapa."

"Mwambie."

Griffin akasema, "Lynnette, mwambie mama mimi nilipeleka maombi ya kiwanda na majibu yake kama kazi. Kila kundi nilileta. Ofisini waliniuliza, amesemaje? Nikawaambia, amepokea. Nilidhani anakagua."

"Na mimi nilidhani anajua kwa nini sikagui."

Lynnette alianza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto kichwani, na Kache akasema maneno aliyoyarudia hadi mwisho: "Mwambie asijilaumu. Karatasi ilinipa mimi jicho. Yeye ilimpa mkono tu."

Hakutaka fidia. Alitaka mambo mawili, kiwanda kiache kutumia magongo yake, na mbeleko zilizoko sokoni zirudishwe. Aliandika barua ya kuondoa leseni kama karatasi ilivyomruhusu. Kiwanda kilijibu kwa heshima kwamba hakijavunja sharti lolote, kwa kuwa kila badiliko kiliomba na kila mara mtoa leseni aliridhia kwa kimya chake. Walikuwa na daftari la Griffin lenye tarehe zote kumi na moja.

Mwaka 2023 alikwenda Shanzu kwa wakili mmoja kijana, Jalila, mwenye ofisi karibu na mahakama. Jalila alivifungua vifurushi mezani kimoja kimoja, akavikunja tena vizuri, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Bibi, haki unayo, wallahi. Kataa, simamisha, ondoa, zote zimeandikwa hapa. Lakini mwenye kutoa leseni akiacha kukagua, hata alama yake yenyewe huanza kumtoka mkononi. Watauliza mahakamani, hii alama ina maana gani ikiwa mwenyewe haangalii? Ungekuwa umefungua kifurushi kimoja tu."

"Kimoja tu?"

"Kimoja, bibi. Ukaandika sitaki."

"Alikuwa ni mkwe, mwanangu."

Jalila ni mtoto wa Pwani. Alielewa. Alifungua kesi hata hivyo, bila malipo. Imeahirishwa mara sita.

Kache hakungoja. Tangu Januari 2024 alikuwa akikaa kwenye lango la soko la Kongowea kila Jumanne na Ijumaa, juu ya kigoda, na wembe mfukoni. Akimwona mama amebeba mtoto kwa mbeleko ya magongo, alimwita, akamwomba ampakate mtoto kwanza, akaigeuza mbeleko. Ikiwa ya mishono mitatu alimrudishia. Ikiwa pungufu, alimweleza, na akiruhusiwa aliifumua alama yake kwa wembe, uzi kwa uzi. Wengine walikubali. Wengine walimwona mwehu. Mwuza mboga mmoja alimwambia, "Shangazi, ukiitoa hiyo nyekundu mimi nabaki na tambara. Hata wa kumwuzia sipati." Kache alimjibu, "Ni tambara hata sasa, mamangu. Nyekundu inakudanganya tu." Mwanamke yule alimfunga mtoto wake mgongoni akaenda zake, na Kache akamsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye umati.

Nyuzi alizozifumua alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hadi alipoacha kwenda, alama zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Kiwanda, kwa hesabu kiliyoiwasilisha chenyewe mahakamani, kimeshona zaidi ya elfu tisa za mshono mmoja, na kinaendelea. Judy alimwuliza siku moja kama haoni anachota bahari kwa kijiko. Alisema anaona. Akauliza ni nani amechukua wembe wake.

Mwezi wa Septemba 2024 alianza kuvimba miguu, hata ule usiokuwa na nguvu. Ikagunduliwa kuwa figo zake zote mbili zimeshindwa kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku alizopangiwa zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Hilo lilimwuma kuliko sindano. Griffin ndiye aliyempeleka kila safari, akikaa mbele na dereva, mama mkwe nyuma, na hawakuwahi kutazamana. Siku moja ya Aprili, kwenye benchi la kungojea, Kache alizungumza akiwa amegeukia dirisha. Alisema, kama anayejisemea, "Mishono mitatu, hata mtu mmoja tu akiwa ndani ya kiwanda anaweza kuisema." Griffin akasema, kama anayejisemea naye, "Nilisema, mama. Wamenihamishia stoo."

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Bombolulu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Asubuhi hiyo aliomba Mjukuu atundikwe kwenye boriti. Judy alifuta mavi ya kuku, akautia mfuko kwenye mbeleko ya zamani aliyobebewa Bonface, akautundika mahali Kache angeweza kuuona kutoka kitandani. Ulikuwa bado umening'inia alipovuta pumzi ya mwisho. Ulikuwa umening'inia hata majirani walipokuja kutandika majamvi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuushusha.

Kesi itatajwa tarehe 8 Julai. Wakili ameeleza kwamba haki zote za mtoa leseni, za kukagua, za kukataa na za kuondoa, sasa zimewaangukia wanawe wawili kwa pamoja, na bila sahihi zote mbili kesi itakufa. Bonface ametia yake. Lynnette ana nyumba na watoto, na mume ambaye bado anakula kwa kiwanda hicho. Hajatia, na familia haimlaumu. Kache naye hakumlaumu.

Marehemu ameacha wanawe, Bonface Makokha na Lynnette Makokha, mkwewe Griffin, mkaza mwana wake Judy, wajukuu wanne, ndugu watatu wa Vitengeni, mafundi wenzake wa Bombolulu, na Njeri Mwangi wa Timbwani, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu, ambaye yuko nasi hapa pamoja na mamake, na ambaye Kache aliagiza atajwe miongoni mwa watoto wake. Amemwachia magongo yake, yakatwe yatakapomfaa kimo.

Ombi lake la mwisho ni hili. Tangu tuanze ibada, magongo mekundu yameonekana migongoni mwa akina mama watano au sita waliokuja kumzika. Baada ya kaburi kufukiwa, Judy atakuwa kwenye jamvi la upande wa wanawake na ule wembe. Aliyebeba, tafadhali ampakate mtoto kwanza.

Bwana ampokee Kache wa Thoya, ampe pa kuketi, na mikono yake sasa itulie.